Mabalozi wa Kibofu cha Mzee Lemayani

Wanangu, ukimwambia mtu wa hapa Karatu kwamba unafanya kazi maabara, atakuuliza leo umepima malaria ya watu wangapi. Mimi sikupima malaria. Kwa miaka thelathini na ushee, katika hospitali moja ya hapa hapa, nilikata nyama ya binadamu kuwa vipande vyembamba kuliko karatasi ya kusokotea tumbaku, nikavibandika kwenye kioo, nikavipaka rangi, daktari akavisoma kwenye hadubini. Ndiyo maana waliniita Mama Wembe. Mume wangu alipenda kujigamba mbele ya wageni: "Huyu mke wangu anakata nyama kwa maikroni." Maikroni ni milimita moja ukiigawa mara elfu. Basi wageni walikuwa wakitazama bakuli mezani, wanaona minofu mikubwa kama matofali, wananyamaza kwa adabu.

Kazi yenyewe ninyi wa maabara mnaijua, lakini nitaieleza kwa ajili ya wale ambao hawajaingia kwenye kile chumba chetu chenye harufu. Kinyama kinatoka kwa daktari wa upasuaji kikiwa ndani ya fomalini ili kisioze. Tunakitoa maji kwa spiriti, tunakizamisha kwenye nta ya moto, na ikipoa unapata kibonge kama kipande cha sabuni chenye kinyama katikati. Kibonge unakifunga kwenye mashine. Unazungusha mpini, kibonge kinashuka juu ya wembe, na kila mzunguko unatoa kipande kimoja kilichoshikana na mwenzake, mpaka unapata utepe. Utepe unaulaza juu ya maji ya vuguvugu, unajinyoosha wenyewe, halafu unauzoa kwa kioo kama mtu anayezoa utando wa maziwa.

Vitabu vinasema hivyo na vinaishia hapo. Vitabu havikuandikwa Karatu. Mwezi wa sita na wa saba, ukungu ukishuka kutoka juu Ngorongoro, nta inakuwa ngumu, inapasuka, na badala ya utepe unapata unga. Aliyenifundisha la kufanya ni Mzee Tluway, Mwiraqw mwenzangu kutoka Mbulu, mrefu, mkavu, koti lake limejaa madoa ya rangi ya zambarau ambayo hakuna sabuni iliyoyaweza. Siku ya kwanza alinikuta nalia juu ya mashine. Akainama, akafungua mdomo, akakipumulia kibonge "haaa," taratibu, kama mtu anayesafisha miwani. Akazungusha mpini. Utepe ukatoka mzima.

"Usipulize kama unazima moto," alisema. "Kipumulie. Kina baridi, kihurumie."

Wakati wa joto kinyume chake: barafu, dakika mbili, kisha ukate haraka kabla hakijalegea. Mpaka leo nikiona siagi ngumu mezani naipumulia. Wajukuu wanasema bibi ameanza.

Mzee huyo hakuwa na dharau kwa mtu. Kuna siku zahanati moja ya mbali ilituletea kinyama ndani ya kopo la asali. Fomalini iliwaishia, na mhudumu akakumbuka kwamba asali haiozi. Nilifoka mpaka koo likakauka. Mzee Tluway akalinusa lile kopo, akaniambia, "Huyu ana akili kuliko wewe. Wewe ungekileta kimeoza." Tukakiosha, tukakikata, kikasomeka vizuri kabisa. Usumbufu ulikuwa sisimizi tu. Wiki nzima walijipanga foleni kutoka dirishani hadi kwenye mpini wa mashine.

Kosa langu kubwa halikuhitaji asali. Mwaka wangu wa pili nilifunga kibonge kikiwa kimeinama kidogo. Nikakata ili kunyoosha uso wake, nikakata, nikakata, nikifurahia utepe mrefu mweupe, mpaka nikagundua kwamba kinyama chote kimekwenda kwenye takataka na ninachokata ni nta tupu. Mzee Tluway hakunigombeza. Alinituma wodini, mimi mwenyewe, nikamwambie mwenye kinyama kwamba itabidi atolewe kingine. Alikuwa mama wa makamo kutoka Endamarariek. Nilisimama kando ya kitanda chake, nikamwambia. Akanitazama, akasema, "Mwanangu, hata mimi huunguza makande. Lakini huwa nasonya. Wewe mbona hujasonya?" Tukacheka wote wawili, naye akakubali kurudiwa. Tangu siku hiyo, kila kishikio cha kufungia kibonge kwenye mashine yangu nilikichora alama kwa msumari, ili kibonge kikirudi kirudi vile vile kilivyokaa mwanzo. Fanyeni hivyo. Ni mkwaruzo mmoja tu.

Sasa niwaambie ya Mzee Lemayani. Jina hilo si lake, lakini kisa ni chake, na ruhusa ya kukisimulia alinipa mwenyewe.

Ilikuwa mwaka wangu wa mwisho kazini. Mzee huyu ni mfugaji wa Nainokanoka, na kwa miezi mingi alikuwa akikojoa kwa maumivu, matone matone, mengine yana damu. Akiwa malishoni alisimama kila kichaka. "Ng'ombe wangu wameshazoea," alimwambia nesi. "Wakiona kichaka wanasimama wenyewe, wananisubiri." Binti yake, Naserian, ambaye anafanya kazi lojini hapa Karatu, ndiye aliyemleta hospitali kwa kumlazimisha. Daktari bingwa wa njia ya mkojo, anayetutembelea mara chache kwa mwaka, alipitisha kamera ndani akaona mambo mawili: jiwe, na karibu na mlango wa kibofu, sehemu nyekundu iliyovimba, ambayo hakuipenda. Akanyofoa vinyama vidogo, akatuletea. Akasema jiwe lisubiri majibu.

Nikavikata. Aliyevisoma ni Daktari Neema. Huyu alikuwa daktari wa kwanza wa kusoma vinyama kuwekwa kwetu. Kabla yake slaidi, yaani vile vioo vyetu, zilipanda basi kwenda mjini na majibu yalirudi mgonjwa akiwa amepona au amezikwa. Alikuwa bado hajamaliza mwaka, kijana, mwepesi, mchapakazi, na mpweke katika kazi ile, maana hakuwa na mwenzake wa kumuuliza.

Alhamisi, baada ya chai, niliingia ofisini kwake kuchukua slaidi za jana. Nikamkuta ameshika kichwa.

"Shikamoo, Mama Martha."

"Marahaba, Daktari. Vipi, unaumwa?"

"Ni yule mzee wa Nainokanoka. Imeingia kwenye msuli."

Aliyekaa nje ya kazi hii hajui uzito wa maneno hayo. Saratani ikiwa kwenye ngozi ya ndani ya kibofu, inakwanguliwa. Ikishaingia kwenye msuli, mara nyingi kibofu chote hutolewa, na mkojo unaelekezwa kwenye mfuko unaovaliwa tumboni. Gari la rufaa lilikuwa linaondoka kesho yake asubuhi. Mzee Lemayani na binti yake walikuwa wamekaa kwenye benchi mle koridoni, hatua kumi kutoka mlangoni. Nilikuwa nimewapita na kuwasalimu. "Sopa," nilisema, na mzee akaitikia "Epa" kwa sauti kubwa ya mtu asiye na habari.

"Naomba nione, Daktari."

Hadubini yetu ilikuwa na sehemu mbili za kutazamia, yeye upande wake, mimi upande wangu. Akanionyesha. Kati ya mafungu ya msuli kulikuwa na seli nne. Kubwa, nene, kila moja na kiini cha mviringo, na ndani ya kiini, nukta nyeusi kama jicho linalokutazama. Pembeni pale kinyama kilikuwa kimeungua kwa moto wa kifaa cha daktari na kubanwa, kila kitu kimevurugika. Seli kubwa namna hiyo, mahali zisipotarajiwa, ndani ya msuli: ukizitazama hivyo, unasema saratani.

Lakini moyo wangu uliruka, na haukuruka kwa hofu.

"Daktari, hawa mimi nawafahamu."

"Unawafahamu?"

"Hawa si wavamizi. Hawa ni wenyeji. Ni seli za neva."

Akainua uso. Hakukasirika, lakini sauti yake ilikaza. "Mama, nakuheshimu sana. Lakini anayesaini ni mimi. Nikisema si saratani na kumbe ni saratani, yule mzee anakufa."

"Ndiyo maana sikuombi usaini la kwangu. Nakuomba usisaini lolote mpaka saa tisa mchana."

Akavua miwani. "Kwa nini una uhakika hivyo?"

Nikamwambia ukweli, na ukweli wenyewe ni wa aibu. Nilipokuwa mgeni kazini, Mzee Tluway aliniwekea slaidi ya ukuta mzima wa kibofu akaniuliza naona nini. Nikaona vitu vikubwa vya mviringo vimekaa pamoja ndani ya msuli. Nikajibu kwa kujiamini, "Mayai ya kichocho!" Alicheka mpaka akakaa chini. Wiki nzima aliniita Mama Kichocho, hata mbele ya mganga mkuu. Kisha akaniketisha tena, akanifundisha. Akasema kibofu si mfuko wa plastiki, ni msuli, na msuli hauminyi bila kuambiwa. Amri inatoka juu, kwenye ubongo, inapita uti wa mgongo, lakini haiwezi kwenda kwa kila uzi wa msuli mmoja mmoja. Kwa hiyo ndani ya ukuta wa kibofu kuna vifundo vidogo vya seli za neva, zinapokea habari na kuisambaza kwa majirani. "Kama balozi wa nyumba kumi," alisema. "Serikali ikitaka jambo haiji kugonga kwako. Inamwambia balozi." Na akanionyesha jinsi ya kumtambua: kiini chake ni cha mviringo na kimetulia, mara nyingi kimesogea upande mmoja, na amezungukwa na seli ndogo ndogo kama jiko lililozungukwa na watoto wakati wa baridi. Saratani haina heshima hiyo. Viini vyake vina kila umbo, vingine vinagawanyika, na kila seli inasukumana na mwenzake.

Daktari Neema akatabasamu kidogo kwa lile la kichocho. Akarudi kwenye hadubini, akakaa muda.

"Kwenye kitabu niliwaona," alisema polepole. "Lakini kitabuni walikuwa wasafi. Hawa wameungua, sioni hizo seli ndogo. Siwezi kusema ni neva. Wala sasa siwezi kusema si neva."

"Basi tushuke chini zaidi kwenye kibonge. Huenda kuna wenzao ambao moto haukuwafikia."

"Kuna kitu kimebaki?"

Nikakitoa kibonge, nikakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kinyama kilichobaki kilikuwa chembamba kama ganda la kitunguu. Tulitazamana. Nikikikosea hiki, hakuna kingine, na mzee ataingizwa kifaa tena, au ataondoka kesho na jibu tulilonalo.

"Kata, Mama," alisema.

Nikakaa. Nikakilinganisha kishikio na mkwaruzo wangu wa msumari. Na hapo umeme ukakatika. Mashine yangu ilikuwa ya mkono, haikujali, lakini beseni la maji ya vuguvugu lilitegemea umeme, na siku ile ya mwezi wa saba maji yangepoa kabla sijamaliza kupiga chafya. Daktari Neema akatoka mbio. Akarudi na chupa ya chai ya manesi, ile kubwa yenye maua. Kwa bahati ilikuwa na maji ya moto matupu, majani walikuwa wanatia kikombeni. Tukayamimina kwenye beseni, nikapima kwa kidole kama mtu anayeogesha mtoto mchanga.

Nikakipumulia kibonge. Nikazungusha.

Kipande cha kwanza nta tupu. Cha pili nta tupu. Wanangu, jasho lilinitoka na baridi ile yote. Cha tatu kikaja na kipembe cha kinyama, cha nne nusu, cha tano kizima. Sikutupa hata kimoja. Daktari, ambaye kwa cheo hakupaswa kushika maji, alikunja mikono ya koti na kuzoa vipande kwa kioo, mimi nikikata, yeye akizoa, nami nikimsahihisha: "Usikifukuze. Weka kioo chini yake, kitakuja chenyewe." Tukapata vipande thelathini na kitu kabla nta haijarudi kuwa nyeupe tupu. Vingine nikavipaka rangi zetu za kawaida, nyekundu na zambarau. Viwili nikavipaka buluu ambayo Mzee Tluway aliipendelea kwa neva, kwa sababu inashika ile shehena iliyomo tumboni mwa seli ya neva na kuiacha ikionekana madoadoa, kama manyoya ya kanga.

Umeme ulirudi saa nane na nusu. Tukaketi, yeye kule, mimi huku. Slaidi ya kwanza hakuna. Ya pili hakuna. Kwenye ya sita, Daktari Neema akaacha kusogeza kioo.

Walikuwa saba. Wamekaa pamoja ndani ya kifundo chao, katikati ya mafungu ya msuli, hawakuguswa na moto. Kila mmoja na kiini chake kilichotulia, na kila mmoja amezungukwa na zile seli ndogo, duara kamili. Ndani ya wengine kulikuwa na chembe za rangi ya kahawia, kama kutu, ambazo seli ya neva huzikusanya kadiri mtu anavyozeeka. Neva haziondoki, ndugu zangu, zinazeeka na wewe. Nikampa slaidi ya buluu. Madoa ya kanga, yote.

Daktari Neema akapitia slaidi zote upya, moja moja, kutoka mwanzo. Ngozi ya ndani ilikuwa imevimba na kukwaruzika, kazi ya lile jiwe lililokuwa likigaragara mle. Saratani hakuiona popote. Akapiga picha kwa simu kupitia kwenye hadubini, akamtumia mwalimu wake mjini, akampigia. Nilisikia sauti ya yule mwalimu: "Neva hizo. Safi kabisa. Nani amekukatia?"

"Mama Wembe," akajibu, halafu akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, nami nikamfuta machozi kwa kona ya koti langu, nikamwachia doa la buluu shavuni.

Alikwenda koridoni mwenyewe, na lile doa. Nilisimama nyuma yake. Akachuchumaa mbele ya mzee ili wasikilizane vizuri, na hakuficha kitu. Alisema, "Mzee wangu, asubuhi niliona kitu nikadhani una saratani mbaya. Nilikuwa karibu kuandika hivyo. Tumetazama tena vizuri. Huna. Una jiwe, na litatolewa."

Naserian akamtafsiria kwa Kimaasai. Mzee akauliza swali moja.

"Anauliza," Naserian alisema, "kama kibofu kinabaki kuwa chake."

"Ni chake," alisema Daktari Neema.

Mzee akamwekea mkono kichwani, kama Wamaasai wanavyowasalimu watoto wao, akamwambia kwa Kiswahili chake, "Mtu anayerudi kutafuta ndama aliyempoteza, huyo ni mchungaji." Daktari wa watu na shahada zake, akaniangalia kama mtoto aliyesifiwa shuleni.

Jiwe lilitolewa. Nilisikia lilikuwa kubwa kama yai la njiwa, na kwamba aliomba apewe, akawa anawaonyesha watu sokoni bila wao kuuliza.

Miezi mitatu baadaye alirudi kuangaliwa. Daktari bingwa hakuwa amefika, basi akaja moja kwa moja maabara, fimbo mkononi, Naserian nyuma yake.

"Yeyo," aliniambia, yaani mama, "nasikia mmeweka watu wangu kwenye kioo. Nataka kuwaona."

Tukamketisha. Ilichukua muda, maana alikuwa anafumba jicho lisilopaswa kufumbwa, na ushanga wa sikioni ukagonga kioo. Halafu akatulia. Alitazama kwa utulivu wa mtu anayetazama kundi kutoka juu ya kilima.

"Saba," alisema.

"Ndiyo, baba, saba."

"Huyu mkubwa ndiye olaigwanani wao?"

"Hawana kiongozi. Wote ni sawa. Wanapokea habari kutoka juu na kuuambia msuli: minya sasa."

Akafikiri. "Hawa mmewatoa. Waliobaki mle ndani, wapo?"

"Wapo wengi."

"Wanafanya kazi?"

"Wewe ndiye wa kutuambia," alisema Daktari Neema.

Mzee akajisikiliza. Kisha akasimama ghafla, akauliza choo kiko wapi. Kiko nyuma ya maabara, ukuta wake ni bati, na dirisha letu lilikuwa wazi. Hatukukusudia kusikiliza. Lakini bati ni bati. Ikaanza, ikashika kasi, ikaendelea bila kukatika, ndefu, yenye nguvu, kama mvua ya kwanza juu ya paa. Naserian akajifunika uso kwa mikono miwili. "Jamani, baba!"

Daktari Neema akavuta faili, akaandika: Anakojoa vizuri sana. Hiyo "sana" si lugha ya faili, lakini nilikuwepo, na sikuona sababu ya kumwambia aifute.